Mwongozo kamili: Hadithi ya Kima na Papa iwe mchezo, isiishie kwenye maswali

Lalamiko ninalolisikia kwa wazazi na walimu wa chekechea ni lile lile. Hadithi imesimuliwa vizuri, watoto wametulia tuli, macho yamewatoka. Ikaisha, mkubwa akauliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Wakajibu kwa pamoja, "Tusiwe waongo!" Kisha zikagawiwa karatasi zenye picha ya kima wapake rangi. Baada ya dakika chache wote walikuwa wamerudi kwenye magari yao ya makopo, na hadithi haikutajwa tena.

Kosa haliko kwa watoto, wala kwenye sauti ya msimulizi. Swali la funzo linamwambia mtoto kwamba kazi imekwisha na jibu lake linajulikana. Karatasi ya kupaka rangi inamwambia kima alivyo, kwa hiyo hana cha kuongeza. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 huielewa hadithi kwa kuifanya: anapanda, anarusha, anajificha, anadanganya, anakimbia. Akinyimwa nafasi hiyo, kilichobaki kwake ni maneno ya wakubwa.

Mwongozo huu unachukua hadithi moja ya pwani yetu, Kima na Papa, na kuipitisha hatua kwa hatua mpaka watoto waicheze wenyewe siku kadhaa. Ukiiweza hii, nyingine utaziweza.

## Vifaa

Andaa hivi kabla hujasimulia chochote:

- Kanga au vitenge 3 au 4, kimoja kiwe cha buluu
- Mkeka
- Maboksi makubwa 2, yaliyotolewa pini zote za chuma
- Kipande cha kitambaa chekundu kwa kila mtoto, ukubwa wa leso ya mkononi. Huu ndio moyo. Vingine vyote vina mbadala, hiki usikikose
- Soksi kuukuu zilizoviringishwa kuwa mipira, 10 hadi 15, ziwe makuyu
- Beseni, vifuu vya nazi na mawe ya ukubwa wa ngumi ya mtoto mdogo
- Unga wa ngano, chumvi na mafuta ya kula kidogo
- Daftari na kalamu yako mwenyewe

Usinunue papa wa plastiki. Papa wa dukani atabaki papa tu. Kanga ya buluu leo ni bahari, kesho ni shuka la mgonjwa, keshokutwa ni kilemba cha sultani, na kila inapogeuka mtoto amefikiri jambo.

Tahadhari ya vifaa: kama kuna mtoto wa chini ya miaka 3 karibu, hata kama hachezi, ondoa vitu vidogo. Kinachopita ndani ya lile bomba la karatasi ngumu la katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo. Maharage, njugu na shanga visiwepo kabisa, kwa sababu hata mtoto wa miaka 4 huviingiza puani na masikioni. Mifuko ya plastiki isitumike kama mavazi.

## Hatua ya 1: Pima kama hadithi inachezeka

Hadithi tamu masikioni si lazima iwe tamu kuchezwa. Jiulize mambo matatu. Je, ina mahali ambapo mtoto anaweza kupajenga? Je, ina kitendo kinachorudiwa? Je, ina shida ambayo mhusika mdogo anajinasua kwa akili yake mwenyewe?

Tuipime hii. Mkuyu umeinamia bahari, kima anakaa juu yake akila makuyu. Papa anapita chini, anaomba, kima anamrushia. Siku zinakwenda, wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kima kwao, anamwambia apande mgongoni, hatalowa hata tone. Katikati ya bahari papa anasema ukweli: sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia, "Mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri, mioyo yetu tunaiacha mtini." Papa anageuka kuufuata. Kima anarukia tawi, na hashuki tena.

Kuna kurusha na kudaka. Kuna kubebwa, kugeuka njiani, kuruka. Kuna pande mbili na maji katikati. Na kuna uongo unaookoa maisha, jambo ambalo mtoto mdogo analifurahia kuliko tunavyopenda kukiri.

Wasimulizi wa pwani huendelea hadi kisa cha punda wa dobi, yule asiye na moyo wala masikio, ambacho kima anamsimulia papa akiwa juu ya mti. Ni kisa kizuri sana, lakini ni hadithi ndani ya hadithi, na punda anaishia tumboni mwa simba. Kwa watoto wa umri huu kiache. Watakuwa nacho wakifika darasa la pili au la tatu.

Kama watoto wako hawajawahi kuona bahari, papa awe mamba na bahari iwe ziwa au mto. Huko India hadithi hii husimuliwa kwa mamba, kwa hiyo hujaiharibu. Mtoto wa Kigoma aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika na kukatazwa kusogelea maji ovyo hahitaji kuelezwa mamba ni nani.

Umefaulu kama: unaweza kuionyesha hadithi nzima kwa mwili, bila neno, ndani ya dakika moja.

## Hatua ya 2: Ipunguze, kisha iondolee funzo

Andika hadithi kwa sentensi zisizozidi 7. Ndugu wa papa, majina ya samaki na sifa za jumba la sultani viache nje. Mapengo hayo watayajaza watoto; ukiyajaza wewe, watakuwa hawana kazi.

Kisha chagua kauli mbili ambazo hazitabadilika hata siku moja. Ya papa: "Kima rafiki yangu, nirushie moja!" Ya kima: "Moyo wangu nimeuacha mtini!" Sababu ni kwamba mtoto mwenye haya, au anayejifunza Kiswahili ugenini kwa kumsikia bibi kwenye simu, hawezi kutunga maneno ya mhusika papo hapo. Kauli ya kudumu humwingiza mchezoni, na yake mwenyewe hufuata baadaye.

Funzo liondoe kabisa. Najua ni vigumu, kwa sababu sote tulilelewa na "hadithi hii inatufundisha". Lakini mtoto aliyecheza papa, akaachwa baharini peke yake huku mwenzake akimcheka juu ya tawi, amejua jambo kuhusu urafiki na hila ambalo jibu la pamoja haliwezi kumpa. Acha alipate humo.

Umefaulu kama: sentensi zako zimeenea nusu ukurasa na unazikumbuka bila kusoma.

## Hatua ya 3: Simulia mara tatu, kwa siku tatu

Siku ya kwanza simulia tu. Anza na kiitikio cha kwenu: "Paukwa!" "Pakawa!" au "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Usikiruke. Kinawaambia watoto kwamba sasa tunaingia mahali ambapo wanyama husema, na utakihitaji tena siku ya kufungua mchezo. Dakika 5 hadi 7 zinatosha.

Siku ya pili simulia vile vile, ila nyamaza kabla ya zile kauli mbili. Papa anapofika chini ya mti, sema "Kima rafiki yangu..." kisha wasubiri. Wataimalizia.

Siku ya tatu ongeza mwili. Wakiwa wamekaa hapo hapo, warushe makuyu ya hewani, waogelee kwa mikono, wageuke nusu papa anapogeuka.

Kwa nini mara tatu? Mara ya kwanza mtoto anatafuta kujua nini kitatokea, na wasiwasi huo unachukua nafasi yote kichwani. Akishajua mwisho, anaanza kuwaza mambo mengine: papa alijisikiaje, sultani ni nani, kima angekataa ingekuwaje. Mawazo hayo ndiyo yanayozaa mchezo.

Tahadhari mbili. Usiwaonyeshe katuni ya hadithi kabla hawajaicheza, maana kima wote watakuwa yule wa kwenye skrini. Na usiulize maswali ya kupima ufahamu, hata moja.

Umefaulu kama: unakosea sehemu ndogo na wanakukatiza kwa ukali: "Siyo hivyo! Alikuwa hajapanda bado!"

## Hatua ya 4: Andaa mahali, lakini usipamalize

Fanya hivi watoto wakiwa hawapo. Tandika mkeka upande mmoja, ndiyo nchi kavu. Weka juu yake kitu imara cha kupandia, kiwe mti. Kisizidi urefu wa goti la mtoto, na kisiyumbe. Katikati iwe bahari. Upande wa pili weka boksi tupu: kwa sultani. Makuyu yaweke mtini, na vitambaa vyekundu kwenye kikapu chini yake.

Hapo simama. Usichore mawimbi, usimshonee papa mkia, usipambe kwa sultani. Mahali palipokamilika mtoto atapatazama, atapasifu, kisha ataondoka. Acha upungufu ulio wazi. Sultani ni mgonjwa na hana kitanda? Vizuri, kuna kanga ya ziada pale pembeni, na bila shaka mtu ataiona.

Kanga juu ya vigae au saruji iliyosuguliwa huteleza vibaya. Kwenye sakafu ya namna hiyo chora bahari kwa chaki, na kanga ya buluu avae papa. Kanga isifungwe shingoni hata kwa dakika moja. Ichomekwe kiunoni au iwekwe begani. Kamba zisiwepo.

Unaishi chumba kimoja cha kupanga? Kochi ni mti, sakafu ni bahari, na mlangoni ni kwa sultani. Nimeuona mchezo huu ukichezwa kati ya kitanda na kabati na haukupungukiwa na kitu.

Mwalimu mwenye darasa la watoto 50 asimulie kwa wote, lakini mchezo wenyewe uwe moja ya kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zenye shughuli tofauti, watoto 8 hadi 10 kwa zamu, wengine wakiwa kwenye kona zao. Ukiwaingiza wote baharini kwa pamoja, utakachopata ni mbio na vilio.

Umefaulu kama: watoto wanaingia, wanapaangalia, na mmoja anasema bila kuambiwa, "Hapa ni kwa kima!"

## Hatua ya 5: Fungua mchezo, kisha toka

Hapa ndipo wengi wanaponiambia wamekwama, kwa hiyo twende taratibu.

Usiseme "haya, sasa tuigize". Mkubwa akishagawa nafasi na kuanza kuelekeza nani aseme nini, yanakuwa maonyesho ya siku ya wazazi. Watoto watatii, tena vizuri, na wewe ukiondoka wataacha.

Badala yake toa kiitikio, kisha kaa chini pembezoni mwa bahari na kanga begani. Uite, kwa sauti ya papa mwenye njaa: "Kima rafiki yangu, nirushie moja!" Nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi, na usiwaangalie usoni. Ukimya huu ni mrefu na utakutia wasiwasi, uvumilie. Mtoto mmoja atachukua soksi na kukurushia. Jifanye unaila kwa kelele, nyam nyam, ushukuru, uombe tena. Wa pili atarusha, wa tatu, na baada ya dakika mbili mti umejaa.

Unaanza na papa kwa sababu mbili. Mwanzoni hakuna anayemtaka. Pia papa ndiye anayeomba, na mtoto ndiye mwenye chakula, juu, akiamua. Mtoto mdogo hapati nafasi hiyo mara nyingi mbele ya mtu mzima.

Wakishapamba moto, sema ukiwa bado papa: "Nimeshiba, naenda kulala. Nani atakuwa papa?" Mvishe kanga atakayejitokeza, uondoke. Kaa pale unapoonekana, mikono ikiwa na kazi: chambua mboga, chagua mchele, panga daftari. Ukiwakodolea macho wataanza kukuchezea wewe. Ukitoka kabisa, hutaona anayepanda dirishani.

Rudi kwa mambo matatu tu: kuna hatari, kuna mtoto anayetengwa kwa muda mrefu, au mchezo umekuwa ukizunguka pale pale na wameanza kukutazama. Hata hapo usiingie kama mwalimu. Ingia kama mjumbe: "Hodi! Sultani ameniuliza, dawa imefikia wapi?" Wakianza kukujibu, umemaliza kazi. Ondoka.

Tenga angalau dakika 40. Kumi za kwanza zitaliwa na mapatano. "Mimi ndo kima." "Na mimi kima, ila kima mama." "Wewe ulikuwa unaumwa, lala." Mkubwa huona wanachelewa kuanza. Sivyo. Kukubaliana nani ni nani, maji yanaishia wapi na nini kimeshatokea ni lugha ngumu kuliko zoezi lolote la chekechea, nao wanaifanya kwa hiari.

Nikupe mfano wa mchezo uliokolea. Msichana wa miaka minne hivi, kabla hajapanda kwa papa, alichukua kitambaa chake chekundu akakitundika kwenye komeo la dirisha, akakinyoosha vizuri kwa viganja. Walipofika katikati papa akadai moyo. Akafungua mikono yote miwili: "Sina. Upo kule, kachukue mwenyewe." Papa akamwacha hapo hapo na kuogelea hadi dirishani. Yeye akasonga mbele peke yake mpaka kwenye boksi, akabisha hodi, akamwambia sultani amemletea chai. Ukatokea ubishi mkubwa: sultani akinywa chai ya kima atapona au hatapona? Katika masimulizi ninayoyajua, kima hafiki kwa sultani. Yeye alifika.

Umefaulu kama: wametenda jambo ambalo halimo kwenye hadithi yako, na hakuna aliyekugeukia kuuliza kama inaruhusiwa.

## Hatua ya 6: Wote wanataka kuwa kima

Basi wawe kima. Mti una nafasi, na bahari inaweza kuwa na papa watatu au isiwe na hata mmoja kwa muda. Usigawe zamu kwa saa, maana unamtoa mtoto kwenye nafasi yake pale tu alipoanza kuizoea.

Papa akikosa mtu, mpe heshima: ndiye mwenye kanga ya buluu, ndiye anayejua njia ya kwa sultani.

Watoto wasibebane mgongoni. Papa atembee mbele na kanga iliyochomekwa kiunoni, kima ashike ncha yake nyuma, waende pamoja. Kwao huko ni kubebwa tosha, na hakuna atakayedondokea kidevu.

Kuhusu kutengwa, weka sheria moja na uisimamie: hakuna kumwambia mwenzako "wewe huchezi". Anaweza kuambiwa nafasi fulani imejaa, lakini lazima apatiwe nyingine. Sheria hii ilifanywa maarufu na Vivian Paley, mwalimu wa chekechea wa Chicago, Marekani. Watoto hulalamika siku za mwanzo, kisha huizoea.

## Hatua ya 7: Hofu inapoingia

Papa anapodai moyo, baadhi ya watoto watatishika. Usiifute sehemu hiyo. Bila hatari hakuna hila, na bila hila kima ni abiria tu. Punguza makali yake: papa aseme akiwa amekaa chini, si kwa kumsimamia mwenzake kichwani. Anayeogopa awe mlinzi wa kikapu cha mioyo, kazi ya maana inayomweka nchi kavu.

Kabla ya siku ya kwanza ya mchezo zoezeni mambo mawili. Moyo ni kitambaa, na hakuna anayegusa mwili wa mwenzake kuutafuta. Na yeyote, wakati wowote, akisema "Bahari simama!", wote wanaganda. Jaribuni mara kadhaa kwa furaha ili isionekane kama adhabu.

Mtoto mwenye mgonjwa nyumbani anaweza kukuuliza, "Sultani atakufa?" Usimkwepe, wala usimpe hotuba. Mwambie, "Hadithi haituambii. Wewe unaonaje?" Mara nyingi atatengeneza dawa nyingine, na hapo mchezo unahamia kwenye duka la dawa. Mfuate huko. Lakini mtoto akilia kila siku au akianza kuota papa usiku, iweke hadithi kando bila maelezo, uchukue nyingine.

## Hatua ya 8: Fuata swali lao

Shughuli za ziada zitoke kwao, zisitoke kwenye ratiba yako. Sikiliza kwa siku mbili, halafu lete jambo moja tu.

Wakiuliza kama kweli kima hakulowa, leta beseni la maji na vifuu. Kifuu ni papa, jiwe ni kima. Papa huyu anabeba kima wangapi kabla hajazama? Kifuu kikubwa je? Hapo wanahesabu, wanakisia na kujaribu tena. Tahadhari hapa haina mjadala: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Kaa hapo hapo, simu iweke mbali, na ukimaliza mwaga maji papo hapo.

Wakidai makuyu mengi zaidi, tengeneza unga wa kufinyanga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kijiko 1 cha mafuta, na maji kama kikombe 1, ukiyaongeza kidogo kidogo mpaka ushikane bila kunata mikononi. Kwenye chombo chenye kifuniko hukaa siku kadhaa. Una chumvi nyingi mno kuliwa, na unga mbichi si chakula, kwa hiyo mwenye tabia ya kulamba apewe udongo wa mfinyanzi au soksi zake.

Wakibishana njia ya kwa sultani, wape chaki na uwanja. Ramani itajichora.

## Hatua ya 9: Andika hadithi yao

Mchezo ukishadumu siku chache, keti na daftari, mwite mtoto mmoja: "Nipe hadithi yako ya kima." Andika atakachosema, neno kwa neno, usimsahihishe sarufi. Akisema "papa akaendaga", andika "akaendaga". Ukurasa mmoja unatosha. Msomee, muulize kama ndivyo, kisha iseme mbele ya wenzake huku yeye akichagua nafasi yake na wengine wakiitenda papo hapo, bila mazoezi.

Njia hii pia ni ya Paley, aliyeitumia darasani mwake kwa miaka mingi. Nguvu yake ni kwamba mtoto anaona maneno yake yakiingia kwenye karatasi na kutoka tena yakiwa watu wanaotembea. Baada ya hapo huhitaji kumwambia kusoma kuna faida gani.

Anayechanganya lugha, Kiswahili na Kichaga au Kiswahili na Kijerumani, aandikiwe alivyosema.

Umefaulu kama: kuna foleni mbele ya daftari.

## Hadithi nyingine, na zitakavyokusumbua

Mbuzi watatu na zimwi wa chini ya daraja, ya Norway, ndiyo rahisi kuliko zote kwa watoto wa miaka 3. Ubao mpana uliolala juu ya matofali mawili ni daraja, na kishindo cha miguu ni nusu ya hadithi. Mwisho wake una mapigano. Amueni mapema kwamba zimwi linaanguka lenyewe.

Nguruwe watatu, ya Uingereza, ni ya kujenga: majani, vijiti, matofali ya maboksi. Kwa familia za Kiislamu zisizopenda nguruwe ndani ya nyumba, weka mbuzi au sungura. Nyumba ndizo muhimu.

Sungura na Kobe huwaponza wengi. Ukiisimulia kama mbio, itachezwa kama mbio: mmoja anashinda, wengine wananuna, imekwisha. Chukua yale masimulizi ambayo kobe anawapanga ndugu zake njiani, kila mmoja amejificha mahali pake, na sungura akiita "Kobe, upo?" anajibiwa kutoka mbele yake. Mara moja inakuwa karibu na kombolela, na wasio na mbio nao wana kazi.

Sinderela ina vitendo vichache kuliko watu wanavyodhani. Kinachochezeka ni kiatu. Rundika viatu vya nyumba nzima, na mmoja azunguke akitafuta miguu inayovienea.

## Ikikwama

Wanakimbia tu. Nafasi ni kubwa mno. Sogeza mti na boksi ziwe karibu, na bahari iwe nyembamba.

Mtoto mmoja anawaamuru wote. Mpe nafasi ya sultani. Ni mgonjwa, amelala, ataamuru akiwa ndani ya boksi.

Wanarudia mwanzo tu, kurusha na kula, siku nzima. Usiwasukume. Watoto wa miaka 3 wanaweza kukaa hapo juma zima na wakawa wamecheza hadithi kikamilifu kwa umri wao. Kwa wa miaka 5, mjumbe wa sultani abishe hodi.

Wameiacha. Zikipita siku mbili bila mtu kuigusa, kunja bahari, fua vitambaa, na uwaache siku kadhaa bila hadithi mpya. Maboksi na mkeka vibaki pale pale. Daraja la zimwi litavihitaji.